Mahindi Ndani ya Kopo la Dawa

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, muganga Marthe alifungua kopo la mwisho la vidonge katika kituo chake cha afya, pembeni ya Baraka, akakuta ndani mahindi makavu. Yalikuwa yamechambuliwa vizuri na kutiwa hadi nusu ya kopo. Ile ilikuwa akiba ya wagonjwa wa akili kumi waliokuwa wakitibiwa katika utafiti wa dawa, na nyingine ingetoka Uvira baada ya wiki mbili, kama barabara ingekubali.

Kufika saa tatu, polisi walikuwa wameshampata mwizi wao. Hao hawachelewi wakitafuta mnyonge. Walimkamata Iddy, mtu wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa akizunguka soko akibishana na upepo mpaka dawa ya utafiti ilipomtuliza. Miezi mitatu sasa alikuwa akishona nyavu za wavuvi. Mfukoni walimkuta na vidonge saba ndani ya karatasi. Wakavichukua, wakaandika kielelezo, wakamtia kasho, mahabusu ya polisi.

Inspekta Wilfried alipewa kesi Jumanne. Alimkuta Iddy akishika kikombe cha maji kwa mikono miwili, na bado yalimwagika. Mlangoni alikuwa amesimama mama yake, Rehema.

"Chef, ile ni dawa yake mwenyewe, ya wiki moja. Mumupe hata kimoja."

"Kielelezo hakitoki, mama. Mkubwa amekataa."

"Basi fanya mbio. Akikosa dawa ataanza kusikia ile masauti tena. Akirudi kule, sijui kama atatoka."

Wilfried alikwenda kituo cha afya kwa miguu.

"Muganga, hili kopo ulilikagua lini?"

"Kila Ijumaa. Lakini silifunguaka. Nalitikisaka tu. Nikisikia dawa inacheza ndani, naandika kama iko."

"Nani anajua unalitikisa?"

"Hakuna mutu wa inje. Tunafungaka mulango. Ni mimi, Vanessa mwenye kuuliza maswali ya utafiti, na Mama Florentine mwenye kupangusa."

"Na mbona mikono ya Iddy inatetemeka? Ni woga?"

"Hapana, chef. Ni hii dawa. Inawafanyaka vile."

Wilfried alilitikisa kopo karibu na sikio. Mahindi yalilia kama vidonge. Aliyeyatia alijua kwamba Marthe anakagua kwa masikio, na Iddy hakuwahi kupita benchi ya nje.

Wengi walimtaja Mchungaji Albert wa chumba cha maombi, njia ya Fizi, anayehubiri kwamba vidonge vinamkasirisha Roho. Wilfried alimfikia saa nane mchana.

"Ningekuwa nazo ningezitupa ziwani mbele ya batu bote," mchungaji alisema bila aibu. "Nifiche kwa nini?"

Mjeuri yule, lakini alisema kweli. Aliyetia mahindi alitaka kupata muda, hakutaka sifa.

Jumatano asubuhi Vanessa alimpangia Wilfried fomu mezani. Dawa haikutosha wote, alieleza. Kwa hiyo wagonjwa kumi walipewa sasa, na kumi wengine watatembelewa tu, wangoje miezi sita, ndipo ijulikane dawa inasaidia kiasi gani. Ili mtu asiseme kuna undugu, kila familia ilichomoa karatasi kwenye kikapu mbele ya watu. Kila mwezi Vanessa aliuliza yaleyale: analala? anakula? anaongea na nani? Alama zikiwa nyingi, mateso ni mengi.

"Kati ya wanaongoja, yuko aliyepata nafuu?"

"Mumoja tu, Merveille. Mwezi wa ine, alama makumi ine na moja. Mwezi wa tano, zimeshuka mpaka kumi na kenda. Nilifikiri ni Mungu."

"Ni mtoto wa nani?"

Vanessa aliweka kalamu chini. "Wa Mama Florentine."

Merveille alikuwa uani, akichambua sombe, majani ya mihogo. "Karibu, baba," alimwambia Wilfried. Majani yalimponyoka, maana vidole vyake vilitetemeka. Mama yake alitoka jikoni.

"Mama, anakunywa dawa gani?"

"Hana dawa. Yeye ni wa kungoja."

"Mikono yake inatetemeka kama ya Iddy. Alama zake zimeshuka pasipo dawa. Na kopo la kutikisa mnalijua watu watatu tu: Marthe aliyelifungua, Vanessa asiye na mgonjwa, na wewe."

Florentine aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Ni huu mukono wangu ulichomoa karatasi, chef. Ikatoka Kungoja. Mama Iddy alikuwa nyuma yangu, akachomoa Dawa. Kila siku napangusa ile etajeri ya makopo, dawa iko pale juu, na nyumbani mutoto wangu iko anakula udongo. Ungefanya nini?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wilfried naye ni mzazi.

"Na Iddy je?" aliuliza.

"Kila asubuhi najiambia leo nitasema. Lakini nikisema, banamunyanganya Merveille dawa."

Alileta mfuko wa vidonge uliokuwa umefichwa ndani ya unga wa mihogo. Merveille aliacha sombe.

"Mama, hiyo si dawa yangu?"

Wilfried aliuchukua mfuko.

Kumtoa Iddy kulihitaji sahihi ya mkubwa wa polisi, na mkubwa alikuwa mbali, huko Nundu, kwenye msiba. Kalamu moja, siku tatu! Jumamosi, saa nne, Iddy alifunguliwa mlango. Aliendelea kukaa, akiuambia ukuta "ndiyo, ndiyo," kwa heshima. Rehema alimpa kidonge, akakitema. Alimwita jina, naye akamuuliza yeye ni mke wa nani.

Rehema hakulia. Alifungua kitambaa cha kichwani, akafunga mkono wa mwanawe na mkono wake pamoja, asije akakimbilia ziwani. Getini walikutana na Florentine, askari akimpeleka kuandikisha maneno yake.

"Mama Iddy, unisamehe."

Rehema alikaza fundo la kitambaa.

"Wako alipopata dawa, alikusalimia kwa muda gani?"

"Wiki tano."

"Wangu, myezi tatu," Rehema alisema, akamvuta Iddy pole pole kuelekea nyumbani.