Blanketi la Suruali Kumi na Moja

"Suruali kumi na moja, baba watoto. Kumi na moja, na hakuna yenye goti."

"Nguo ya kazi haitupwi."

"Kazi gani? Hii ukiivaa majirani wanakusoma mpaka kitovu."

"Basi zichome. Na mimi nichome humo humo, uolewe na mwenye suti."

"Wenye suti hawakunitaka. Sogea nifagie."

Mume akasogea na gunia lake la jinzi kuukuu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na cheche zilikuwa zimemtobolea kila suruali, mapajani na magotini. Lakini ugomvi ule haukuwa wa suruali. Mke alijua. Mume naye alijua, ila alikuwa anajifanya bubu.

Jana yake wifi alipiga simu. "Jumamosi nakuja kumchukua mama. Hicho chumba chenu ni friji."

Hakudanganya. Mama mkwe alilala chumba cha nyuma. Sakafu ni saruji tupu, mlango una upenyo chini wa kupitisha paka. Baridi ilipoingia, alianza kukohoa. Blanketi lake lilikuwa limekonda kama chandarua, na la kununua dukani lilikuwa halishikiki mwezi ule.

Mke hakutaka aondoke. Alipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, mama mkwe ndiye aliyemwogesha mwezi mzima. Akamfulia nguo zenye damu, wala hakumsimulia mtu. Mama yake mzazi alishafariki. Huyu ndiye mama aliyebaki.

Akaitazama ile jinzi mkononi. Nzito. Ya joto. Ufagio akauegemeza ukutani.

"Usizichome," akamwambia mume.

"Nani aliyetaka kuchoma?"

Jumatatu akakaa kwenye cherehani. Hakutaka kupoteza hata uzi, kwa hiyo akapasua miguu ya suruali na kuunganisha kila kitu: pindo, mishono minene ya pembeni, vyote. Sindano ya kwanza ikakatika. Ya pili ikakatika. Ya tatu ikarukia kwenye kikombe cha chai. Kilichotoka kilikuwa kona moja juu, nyingine chini, katikati kumevimba.

"Hili ni blanketi," mume akauliza, "au bati lililong'olewa na upepo?"

Mke akacheka mpaka machozi yakatoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Mume akaacha utani.

"Kamuone Futi," akasema taratibu.

Futi alikuwa fundi cherehani, nyumba ya tatu. Futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata msibani alikwenda nayo. Akaligeuza lile blanketi mara moja tu.

"Shoga, umejenga ukuta juu ya ukuta. Mshono wa jinzi umekunjwa mara nyingi. Ukikutanisha miwili, sindano inapita wapi?"

"Nilibania kitambaa."

"Umebania kitambaa ukamaliza sindano. Kata mishono yote minene, uweke pembeni. Haya, shika hii. Vuta kwa upana."

Mke akavuta. Ikanyumbuka kama soksi.

"Vuta na hii."

Ikagoma.

"Umeona? Ulizishona pamoja. Huyu anavutika, huyu havutiki. Hiyo ndoa haimalizi wiki. Zinazovutika shonea mfuko wa sokoni. Blanketi ni hizi ngumu tu."

"Lakini hizi ngumu zimetoboka zote."

"Mbele. Fundi wa kuchomelea anaisha mbele. Geuza nyuma ya mguu, chini ya goti. Hapo ni nzima kabisa. Kata vipande vya mraba, vyote sawa, upana wa shibiri moja. Ulizifua?"

"Ziko safi."

"Sikuuliza usafi. Zifue peke yake mpaka maji yasitoke rangi. La sivyo mama ataamka bluu kama mzimu." Akafungua kopo, akampa sindano nene. "Hii namba kumi na sita, ni ya jinzi. Weka mshono mrefu. Ukimaliza kushona, fungua mshono huku na huku, upige pasi ulale. Pakiwa pagumu usikanyage, zungusha gurudumu kwa mkono. Chini weka shuka la zamani, halafu kila baada ya shibiri pitisha uzi mnene, funga fundo. Halitahama."

"Sina cha kukulipa, Futi."

"Nilikuomba? Na kile kikohozi cha mama, mpelekeni zahanati. Blanketi si dawa."

Jumanne wakafua maji manne. Jumatano mke akakata na kushona, mume akaketi chini na nyundo yake akiigonga mishono migumu mpaka ikalala. Alhamisi mama mkwe akapelekwa zahanati. Mganga akamsikiliza kifua, akasema ni kizima, ila asilale kwenye baridi. Mabaki ya vitambaa mume akayashindilia ndani ya mguu mmoja wa suruali, akafunga ncha mbili, akaulaza chini ya mlango. Upepo ukakosa njia.

Ijumaa blanketi likaisha. Asubuhi ya Jumamosi mama mkwe hakukohoa hata mara moja. Alichelewa kuamka mpaka wajukuu wakatumwa kuchungulia.

Wifi alifika saa nne, na begi tupu mkononi. Alimkuta mama yake kibarazani, kajifunika blanketi la viraka vya bluu, vingine vimepauka, vingine vimekoza. Akalishika. Akaligeuza upande wa pili, akatazama yale mafundo moja moja.

"Nani kashona hili?"

"Wifi yako. Na kaka yako kagonga nyundo," mama akasema. "Suruali alizotulishia miaka yote hii, sasa zinanipa joto mimi. Niombe nini tena?"

Mke alikuwa mlangoni.

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Sisemi kwa blanketi tu."

"Wa kushukuru ni mimi, mama."

"Sasa mama," wifi akasema, "begi nimelileta. Twende au?"

"Nitakuja kukutembelea. Kulala, nalala kwangu."

Akavuta blanketi mabegani, akawageuzia mgongo, akaingia chumbani kwake.