Bomba Lisilo na Mteremko

"Kipanga, ni ghorofa ya tano. Meza ya dirishani."

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kipokezi cha sikioni, na Kipanga akasimama katikati ya ngazi. Mkononi alikuwa na sanduku la fundi wa viyoyozi. Chini ya bisibisi na koleo kulikuwa na bastola ya Beretta.

Meza hiyo aliijua.

"Mkuu, huyo ni mume wa dada yangu."

"Ndiyo maana nimekutuma wewe. Hatashtuka."

"Ushahidi?"

"Bomba limechorwa Ijumaa, chini ya chumba cha mikutano ya siri, hadi nje ya uzio, kwenye duka la wageni lisilouza kitu. Nyaya za kusikiliza zitapita humo. Limechorwa kwa jina lake la kuingilia kwenye kompyuta."

"Simamisheni zege."

"Tukisimamisha, aliyelichora atatoweka. Zege linamwagwa saa sita. Kama si huyo, niletee mhusika kabla ya hapo. Usipoleta, namchukua shemeji yako."

Saa yake ya Casio ilisema saa tano na dakika kumi.

Ofisi ilinuka wino na kahawa. Watu kumi na wawili walikuwa wameinamia skrini, wakichora mabomba, nyaya na mifereji ya hewa ya jengo jipya la ulinzi. Kipanga aliwatazama mmoja mmoja, na hakumpenda hata mmoja.

"Shemeji!" Mume wa dada yake aliinuka. "Umefuata kiyoyozi au umefuata chai?"

"Vyote viwili, shemeji. Dada hajambo?"

"Hajambo. Ila ameninunia, nimesahau tena kununua gesi."

Alicheka huku akigeuza simu yake kifudifudi. Kwenye mkono wake iling'aa saa mpya, ya bei ambayo mshahara wa mchoraji haufikii.

Mtu huyu ndiye aliyembeba Kipanga mgongoni alipovunjika mguu, na sasa Kipanga alikuwa anamhesabia makosa.

"Saa nzuri."

"Zawadi tu," alisema shemeji haraka mno. Akachukua karatasi zake na kwenda kwenye plota, mashine ya kuchapia michoro.

Kipanga aliketi kwenye kiti cha shemeji. Alikuwa na dakika mbili.

Faili lilikuwa wazi. Alizima leya, yaani tabaka la mchoro, ya umeme, akazima ya hewa, akabakiza ya maji. Bomba likajitokeza, limeandikwa "maji machafu", kutoka chumba cha siri hadi kwenye uzio. Alibofya mwanzo wake: sentimita sitini chini ya sakafu. Akabofya mwisho.

Sitini.

Akabofya tena asije akawa amekosea. Sitini.

Alikumbuka meza ya kulia chakula ya dada yake, mwaka juzi, alipokuwa akijifunza ufundi wa kuficha kazi yake ya ujasusi. Shemeji alimfutia mchoro mara sita. "Hewa utaisukuma kwa feni," alikuwa akifoka, "umeme utaupindisha utakavyo. Maji machafu hayana adabu, yanataka mteremko! Bomba lililolala sawa ni choo cha kuziba!"

Mtu huyo asingechora bomba hili hata kwa kushikiwa bunduki.

Shemeji alirudi. Kipanga alimnong'oneza, "Nani mwingine anatumia kompyuta yako?"

"Hakuna." Shemeji alisita. Akaitazama ile saa. "Labda Mshauri, yule aliyetuletea programu ya kuchorea. Ijumaa nilimpa nywila anipangie leya, akanishukuru kwa hii. Usimwambie bosi, shemeji. Hairuhusiwi."

Shemeji alimwonyesha kwa kidevu: Mshauri alikuwa mlangoni, suti ya kijivu, tabasamu la muuzaji.

Kipanga akapaza sauti. "Mshauri, nisaidie. Bomba la maji machafu la inchi nne, mteremko unaweka kiasi gani?"

"Ah, usijisumbue, dada. Programu inaweka yenyewe."

Ofisi nzima ikacheka. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua programu haiweki mpaka uiambie.

Mshauri hakucheka. Alimtazama Kipanga, akatazama skrini. Mkono ukaingia ndani ya koti.

Kipanga alikuwa hewani tayari.

Bomba la kadibodi la kuwekea michoro, alilolinyakua mezani, lilimpiga Mshauri kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikateleza chini ya plota. Akageukia ngazi, akapiga hatua mbili. Mguu wa Kipanga ukamkwaza, akaanguka kifudifudi kwenye zulia. Pingu zikalia.

"Mkuu, mtu wako ninaye. Simamisha zege."

"Limesimama. Shemeji yako?"

"Safi. Alitoa nywila, hakuuza nchi."

Saa tano na dakika arobaini. Vijana wa Mkuu walimshusha Mshauri kwa lifti ya mizigo.

Kipanga aliokota bisibisi zilizomwagika sandukuni wakati wa purukushani. Shemeji alikuwa amesimama palepale, akiitazama Beretta kati ya koleo na nyundo.

"Kumbe hukuja kwa kiyoyozi."

"Hapana."

"Ulikuja kwa ajili yangu."

Angeweza kudanganya. Kazi yake ni hiyo.

"Ndiyo."

Shemeji alivua ile saa, akaiweka juu ya meza. Akaketi, akalichagua lile bomba kwenye skrini, akalifuta. Hakugeuka.

"Asante, afisa," alisema.

Kipanga alifunga sanduku. Akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban humo humo ndani, kabla hajafika mlangoni, akashuka ghorofa zote tano kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.