Panya wa Chatu

Sisi hapa kwetu Lumemo, Ifakara, mtu akifungua friji lazima aangalie anashika nini. Huku samaki, huku panya, kila kitu na ndoo yake. Maana mwanangu Ignas anafuga chatu, ana kibali, na wanafunzi huja kumtazama. Panya wanaonaswa na mitego kwenye mpunga ndio chakula chake. Tunawagandisha.

Kazi ya kutega na kuyeyusha ni ya mjukuu wangu Agnella, yuko darasa la sita. Panya anatiwa kwenye kifuko, kifuko kwenye maji ya uvuguvugu, mpaka tumbo lilegee. Ukimharakisha, nje laini, ndani jiwe.

Basi Jumamosi moja kamyeyusha panya vizuri, kamfuta, kampa baba yake. Ignas akamshika kwa koleo refu, akafungua banda. Chatu akainua kichwa.

Mara jirani yetu Febronia huyo. "Hodi! Shikamoo babu."

"Marahaba, karibu mama."

"Naomba jembe nimfukie kuku wangu. Kadonoa panya aliyekufa kwa ile sumu niliyoweka ghalani. Mtetea wangu mzuri!"

Agnella akapiga kelele: "Baba, usimpe! Usimpe!"

Ignas akavuta koleo. Chatu akajirusha, akauma hewa. Mlango ukafungwa, paa!

"Una nini wewe?" Ignas akamuuliza.

"Huyo panya huenda sikumtega," Agnella akasema huku analia. "Nilienda kucheza rede, sikutega. Nikaokota panya waliokufa nje ya ghala la mama Febronia, nikawachanganya na wengine kwenye ndoo."

"Utawatambua?"

"Hapana, baba."

Ignas akaketi chini, akashusha pumzi ndefu. 

"Basi tunawafukia wote," akasema.

"Chimbeni shimo kubwa," Febronia akadakia. "Kuku wangu apate majirani!"

Tukacheka, hata Agnella, kamasi zikimtoka. Tukachimba, tukafukia, akanawa mikono kwa sabuni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa chatu atakula nini?"

"Atangoja," baba yake akamwambia. "Chatu anakaa na njaa wiki nyingi, hafi. Ungesema hukutega, ningekugombeza, yakaisha. Sumu ndiyo ingemmaliza. Umechelewa kusema, mwanangu, lakini umesema. Siku nyingine sema mapema."

Tukachungulia bandani. Chatu alikuwa amejikunja, kalala na njaa yake, mzima.