Choya za Fortunata na Bamia za Mzee Mbaruku

Kila asubuhi, kabla Kariakoo haijachangamka, Fortunata alipanda ngazi na dumu la maji hadi juu ya paa la ghorofa lao. Kule wapangaji walianika nguo, na kando ya ukuta yeye alikuwa amepanga ndoo kuukuu za rangi, kila moja na mche wake wa choya, ile rozela ya juisi nyekundu. Mama yake, muuza vitenge, alikuwa amemwahidi kwamba choya zikizaa, juisi ya Komunyo ya Kwanza ya mdogo wake Benedict itatoka kwenye ndoo hizo. Fortunata alikwishalitangazia darasa zima. Kurudi nyuma hakukuwepo.

Asubuhi moja alimkuta Mzee Mbaruku, mwenye nyumba, amesimama penye kamba, kanzu nyeupe mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu gusa hapa."

Upepo ulikuwa umeilaza kanzu juu ya choya. Bega la kanzu lilikuwa na madoa yanayonata, kama limemwagiwa soda.

"Kanzu yangu ya Ijumaa! Nyie Wachagga mmehamishia kihamba chenu, shamba lenu la migomba, hapa Kariakoo, nikanyamaza. Lakini hili, hapana. Ijumaa ijayo nikikuta doa, ndoo zako zote zinashuka."

Najma, mjukuu wa mzee, aliyekuwa akianika sare zake, akaangua kicheko. "Fortu, juisi imeanza kumwagika kabla ya sherehe!"

Fortunata hakucheka. Aligeuza jani la choya. Chini yake wadudu mafuta walikuwa wamebanana kama wanunuzi wa nguo siku ya kuamkia Idi. Majimaji matamu wanayoyatoa ndiyo yaliyochafua kanzu. Akachukua maji ya sabuni, akasafisha jani moja baada ya jingine. Haikupita muda, wadudu wakarudi.

"Kubali yaishe, shosti," Najma alisema. "Juisi za paketi zimejaa dukani."

"Siishii hapa."

Alichuchumaa akatazama. Sisimizi walikuwa wakitembea kwa mstari kutoka kwenye ndoo za bamia za Mzee Mbaruku hadi kwenye choya zilizokuwa zimezigusa. Bamia nazo, chini ya majani, zilikuwa zimejaa wadudu walewale. Lakini choya moja iliyokuwa mbali, karibu na tangi bovu la maji, katikati ya mirehani ya mke wa mzee, ilikuwa safi.

Shuleni alimuuliza Mwalimu Aaron.

"Bamia na choya ni ukoo mmoja," mwalimu alieleza. "Mdudu anayependa hii hupenda na ile. Choya itafutie jirani mwenye harufu kali, kama mrehani au vitunguu vya majani. Harufu hiyo huwababaisha wadudu."

Fortunata aliona aibu. Kule Marangu, kwa bibi yake, aliwahi kuona migomba, kahawa na maharage vikistawi pamoja, akadhani kila mchanganyiko unafaa. Ni yeye aliyezisogeza choya kwenye bamia.

"Basi zitenganishe babu akiwa msikitini," Najma alimnong'oneza aliposimuliwa. "Atajuaje?"

"Paa ni lake, sihamishi kitu kwa kuvizia. Nitamwambia."

Jioni, Najma akiwa pale pale juu ya paa, alimwambia mzee. "Babu, bamia zako zina wadudu kama choya zangu. Niliziweka pamoja, nikakosea. Naomba tuzitenganishe."

"Bamia zangu?" mzee alifoka. "Nilizoanza kuzilima wewe hujazaliwa? Leo unazitia ila?"

Fortunata aligeuza jani la bamia akamwonyesha. Mzee akavaa miwani. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Haya, hamisha unachotaka," alisema, akashuka bila kuaga.

Fortunata aliburuta ndoo zake zote hadi upande wa tangi. Najma alijidai anapita tu, kisha akashika ndoo. Kila asubuhi walisafisha choya na bamia pia, na katikati ya choya wakapanda mirehani na vitunguu. Ijumaa ilipofika, kanzu ya mzee ilishuka kambani nyeupe pe. Choya nazo zikaendelea kunenepa, zikazaa nyekundu tupu.

Siku ya Komunyo, sebuleni kwa kina Fortunata, Mzee Mbaruku alimaliza glasi ya pili ya juisi, akajifuta ndevu.

"Juisi tamu, sikatai. Ila huyu binti alizisema vibaya bamia zangu mbele ya mjukuu wangu. Na aniombe radhi."

Fortunata akamtazama mama yake. Mama akaweka jagi mezani.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alisema. "Mwanangu angekuvunjia adabu, ningempigisha magoti hapa hapa. Lakini alikiri kosa lake, akakuomba ruhusa, akakuonyesha ukweli kwa macho yako, kisha akafanya kazi mpaka bamia zako nazo zikapona. Watoto wote mliopo hapa, mnisikie: kosa huombewa radhi, ukweli uliosemwa kwa adabu hauombewi. Kwa hiyo haombi, mzee. Na mimi simwombei."