Aliyemuitikia Pulchérie

Asubuhi ile muji wetu wa Baraka ulikuwa kama siku zote. Bamama banapanga samaki badogo ba ndakala sokoni, bamotari na pikipiki zao banagombania muteja mumoja. Nadège, mujukuu wangu, alivaa sketi yake, jupe ya bleu, akaenda kusoma institut. Siku hiyo mutu wa bourse, zile feza za kusaidia banafunzi, alikuja kuhakikisha nani anasoma kweli. Usipoitika jina lako, bourse inakatwa, na we unarudi kulima mihogo kijijini Mboko.

Nadège alikuwa na majina mawili ya kuitikia. Pulchérie, rafiki yake, alizama ziwani na mwili haukuonekana. Alimuacha katoto kake kwa bibi yake. Zamani basichana bale balikuwa na mutindo wa banafunzi bavivu: huyu akikosa, mwenzake anamuitikia. Nadège hakuacha. Kila appel, majina yakiitwa, aliinamisha kichwa, akabana pua, akajibu "présente", niko hapa, kwa jina la Pulchérie. Bourse ya Pulchérie ikaendelea kulisha katoto.

Mi bibi yake nilimuuliza, "Unamuitikia mufu?"

"Koko, mufu hali. Mutoto ndiye anakula."

Kichwa ngumu kama cha babu yake.

Fabien, mutu wa bourse, akaanza kuita. Jua kali dirishani, kuku wanapiga kelele nje.

"Pulchérie."

Nadège akafungua mudomo.

"Présente."

Haikuwa sauti yake.

Ilitoka kwenye banc, ile benchi ya mbele ya Pulchérie. Hakuna mutu alikaa pale. Maji yalikuwa yanatona chini.

Fabien akatia alama. Hakushangaa. Hakuna aliyeshangaa.

"Nadège."

Akajibu. Sauti haikutoka.

"Nadège?" Macho ya Fabien yakapita juu yake kama juu ya ukuta. "Hayuko."

Kalamu ikashuka.

Kwenye banc tupu, mutu akanong'ona: "Ulikaa pahali pangu. Leo mi nakaa pako."

Mwingine angekimbia. Nadège alisimama, akaenda mbele, akakaa kwenye banc ile, ndani ya maji. Baridi ikamupanda mpaka kifuani. Midomo tu ilicheza, bila sauti.

"Sikiliza, dada. Nilisema uko hapa ili mutoto wako alale ameshiba. Sauti yangu sikukupa. Umekufa. Rudi kwako."

"Mutoto wangu je?"

"Atakula kwangu. Rudi."

Maji yakaacha kutona.

"Présente," Nadège akasema, na safari hii Fabien akaruka mpaka kalamu ikamuponyoka. "Niko hapa mbele yako. Na Pulchérie amekufa. Mufute."

Akamufuta. Bourse ya Nadège ikabaki, na kila mwezi anaigawa na katoto, bila kumuuliza mutu. Banc ile baliitoa nje kwenye jua la kiangazi. Haijakauka.

Juzi jioni katoto kalikuwa kwetu, tukakaita kuja kula. Hakajajua kusema hata mama.

"Présente," kakajibu, na sauti ilikuwa na maji ndani.

Mi nikaachilia sahani. Nadège hakusimama. Akakata ugali, akaweka tonge la pili pembeni ya lile la kwanza.

"Mukule," akasema, "bote babili."