Risasi za Mkwe

Upepo wa kaskazini ulivuma tangu alfajiri ukayasukuma maji ya kinamasi chote baharini. Kufikia saa nne boti ya Odalie Guidroz ilikuwa imekaa juu ya tope, nusu maili kutoka mferejini. Mjane huyo alishuka kuisukuma, akazama hadi kifuani. Wendell, mume wa bintiye, alimvuta akatoka amelowa chapachapa, meno yakigongana. Tope lile halikanyagiki, na simu haikushika.

"Boti ya wavuna chaza ile mferejini, Mama! Hakuna nyingine leo," Wendell alisema. "Napiga tatu."

Huko milio mitatu ni kuomba msaada. Bunduki yake ya kuwindia bata ilitoa "pyu" tu. Wendell akaingiza risasi nyingine. Odalie akaudaka mkono wake.

"Wacha! Hiyo haikuwa na baruti, kizibo chake kimekwama mtutuni. Ukifyatua, nitampelekea binti yangu maiti isiyo na uso!"

Odalie alikuwa amejaza risasi za marisau nyumbani miaka arobaini. Wendell alianza Jumapili, akakataa kufundishwa, ati ni kuvuta wenzo wa mashine ya kujazia tu. Akavuta, macho kwenye mpira wa televisheni, chupa ya baruti ikaisha, naye akaendelea kuvuta! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini huyu alikuwa na kipara.

"Ulipima hata moja?"

"Zilifanana zote, Mama."

"Hata yai viza linafanana na zima!"

Wendell aliitoa risasi, akavunja tete nene kando ya boti, akakisukuma kizibo nje. Vidole vya Odalie vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi Wendell afanye kazi huku akikaripiwa.

"Fungua mikunjo ya mdomo wa risasi. Mwaga marisau. Chomoa kizibo. Baruti?"

"Hamna."

"Tupa, mpumbavu we! Nyingine."

Kati ya tano, tatu zilikuwa na baruti.

"Rudisha kizibo, kikalie baruti. Taratibu! Sasa marisau. Kunja."

Boti ya chaza ilikuwa inapotelea kwenye kona ya mfereji. Wendell alipiga, akapiga, akapiga. Ikageuka.

Nahodha wake aliita kwa redio boti ya feni, ile ipitayo juu ya tope. Ilipofika, Odalie alikuwa ndani ya koti la Wendell, ulimi mzito.

"Risasi zenu zinalia vizuri," dereva alisema.

"Zilizolia alinifundisha Mama," Wendell alijibu. "Zangu zilitaka kutuua."

Odalie akafumbua jicho moja.

"Utayarudia hayo mbele ya mkeo," alisema. "Neno kwa neno."