Shahidi wa Wolpersgrund

Godoro la Khulood lilisogea. Si sana, shibiri moja tu kutoka ukutani kuelekea mlangoni, na Afra, mama yake, alidhani mtumishi wao, Namusoke, amelivuta wakati wa kufagia.

"Ukimaliza kufagia, lirudishe," alimwambia.

"Madam, wallah mimi sikuligusa."

Kesho yake lilisogea shibiri nyingine. Ilikuwa saa nane mchana, wakati mtaa mzima wa Khuwair umefunga mapazia na viyoyozi vinanguruma, na chumba cha mtoto kilinuka udongo mbichi na majani yaliyooza. Maskati haikuwa imepata mvua tangu mwezi wa pili. Afra alifungua kabati, akainua zulia, akanusa mpaka kiyoyozi. Hakuona kitu.

Siku ya nne alimsikia mwanawe akisema usingizini, kwa adabu kabisa, "Abee."

Bibi yake, Bi Sayyida, ndiye aliyemfundisha: mtoto wa kike akiitwa haulizi ni nani, huitika abee. Lakini nani kamwita? Afra alisimama mlangoni. Sauti ya mwanamume mzee, yenye kuhema kama ya mtu aliyebeba gunia, ilisema neno asilolijua, na mtoto akaitika tena, na godoro likakwaruza sakafu likija upande wake, pole pole, bila mkono wa mtu.

Alimnyakua Khulood. Mtoto wa miaka minne, lakini alikuwa mzito kama mtu mzima. Mabegani alikuwa na alama mbili nyekundu, na alipowekwa chini alisimama amepinda mgongo kama kizee.

"Huyu mtumishi kaja na mizimu ya kwao!" Bi Sayyida alifoka pale mwanawe Majid, mume wa Afra, aliporudi kutoka kazini kula. "Nnasema kila siku, hamnisikii. Afungashe leo leo!"

Namusoke aliitua sufuria kwa kishindo. "Mama, mizimu ya kwetu inaongea Kiganda. Huyu nimemsikia na masikio yangu. Anasema vohin, vohin. Hiyo si ya kwetu. Muulize baba mtoto alikuwa safari gani."

Tonge lilimwanguka Majid.

"Kijerumani hicho," alisema kwa sauti ndogo. "Anauliza wapi."

Afra alimtazama mumewe. Mwezi wa nne Majid alipelekwa Ujerumani na duka la magari anakofanya kazi, huko Wattaya, kwenda kujifunza mitambo. Alirudi na picha za kijiji kidogo kiitwacho Wolpersgrund: kanisa lenye mnara uliopinda, kinu cha maji, mti mkubwa ambao chini yake wazee walikuwa wakiamua kesi za mashamba.

"Ulileta nini?" aliuliza Afra.

"Kigae tu. Kipande cha udongo, kina alama ya gurudumu. Nilimpa Khulood achezee, hulala nacho chini ya godoro."

"Ulikitoa wapi?"

Alikohoa. Kwenye mipaka ya mashamba ya kijiji kile, alisema, kuna mawe ya zamani, na chini ya kila jiwe watu saba walioapishwa walifukia kigae kwa siri. Wanakiita shahidi. Mwizi akihamisha jiwe, shahidi hubaki na kumuumbua. Palikuwa na mkulima aliyehamisha jiwe akamla mjane shamba lake. Alipokufa, hakulala. Anatembea na jiwe lile linawaka moto, anauliza aliweke wapi. Anayemwitika hutwikwa yeye jiwe hilo.

"Watoto wa pale wanafundishwa kunyamaza," alimaliza Majid.

"Na wetu tumemfundisha kuitika!" Afra alisimama, sauti ikimpasuka. "Umefukua ushahidi wa watu, ukampa mwanangu alalie! Kirudishe. Kesho."

"Nani atanipa likizo? Kwa ajili ya kigae? Kitupeni."

Walikitafuta chini ya godoro, hakikuwepo. Majid alirudi kazini bila kuaga.

Kesho yake saa nane, Afra alimpakata Khulood juu ya lile godoro, ambalo sasa lilikuwa limegusa kizingiti. Harufu ya udongo ilikuja kwanza, halafu baridi, baridi ya ukungu ambayo kiyoyozi hakiijui, halafu ile pumzi nzito ikaingia chumbani ikakaribia, ikakaribia, mpaka Afra akahisi joto la kitu kinachowaka juu ya utosi wa mwanawe, na sauti ikasema vohin, na midomo ya Khulood ikafunguka, na Afra akaiziba kwa kiganja huku mtoto anapigapiga miguu, na hasira ya siku zote zile, ya mama mkwe, ya mume, ya kigae, ikamtoka kinywani.

"Mpe aliyekiiba! Mpe Majid bin Hamood!"

Kukawa kimya. Khulood akawa mwepesi mapajani mwake, akaanza kulia kama mtoto.

Alasiri ikiadhiniwa, Namusoke alipiga ukelele uani. Majid alikuwa amesimama getini. Kutoka Wattaya alikuja kwa miguu, juani, bila viatu. Mikono aliikunja kifuani kama amekumbatia kitu kikubwa. Hapakuwa na kitu, lakini mgongo ulimpinda, na ngozi ya viganja ilikuwa imeungua ikajikunja. Kigae kilichungulia mfukoni mwa kanzu.

"Niliweke wapi?" alilia.

"Mwanangu wee!" Bi Sayyida alimkimbilia. "Liweke ha..."

Afra alimziba mdomo. "Ukimwambia hapa, Mama, litakaa hapa. Litamkalia Khulood."

Bi Sayyida alimng'ata kidole, akalegea, akaketi chini.

"Liweke ulipolitoa," Afra alimwambia mumewe.

Majid aligeuka. Namusoke alikuwa ameshaleta pasipoti. Afra akamtilia mfukoni, kando ya kigae, bila kumgusa mkono.

Akashika njia ya uwanja wa ndege. Madereva walimpigia honi, hakuwatazama. Kila alipokanyaga, lami ilibonyea.